Nani Ameweka Kikwazo Njiani?

Wiki hii naanza na barua. Imetoka Tanga, imeandikwa kwa mkono, kwa ule mwandiko wa walimu wa zamani ambao herufi zake husimama kama wanafunzi mstarini asubuhi. Mwenye barua ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wake aliyezaliwa Uingereza alikuja likizo, na bibi akaichukua pasi ya kusafiria ya kijana akaisoma, maana mwalimu hawezi kuona maandishi akayapita. Humo ndani akakuta Serikali ya Mfalme wa Uingereza inaomba na kutaka mwenye pasi aachwe apite "without let or hindrance".

"Mwanangu mtangazaji," ameniandikia, "miaka thelathini na mitatu nimewafundisha watoto kwamba 'let' ni kuruhusu. Sasa wenyewe Waingereza wanaomba mjukuu wangu apite bila ruhusa? Au niliwapotosha watoto wa watu?"

Shikamoo Mwalimu. Hukumpotosha mtoto yeyote. Kiingereza ndicho kilichojichanganya chenyewe. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza walikuwa na vitenzi viwili mbalimbali. Kimoja, "lætan", kilikuwa na maana ya kuacha au kuruhusu. Cha pili, "lettan", kilikuwa na maana ya kuzuia, na undani wake ni kuchelewesha, kwani ni ndugu wa neno "late" ambalo hadi leo ni kuchelewa. Karne zikapita, matamshi yakasagika, na maneno yale mawili yakajikuta yanatamkwa sawasawa. Hebu fikiri, msikilizaji: neno moja mdomoni, ruhusa na katazo kwa pamoja. Mlinzi wa lango akitamka "let", utapita au utarudi? Shakespeare alipokuwa akiandika Hamlet, karibu na mwaka 1600, maana ya kuzuia ilikuwa bado hai, nayo imo katika tamthilia ile. Baadaye maana ya kuruhusu ikashinda, na ile ya kuzuia ikakimbilia mahali ambapo maneno ya kizee hukimbilia, yaani kwenye hati za mawakili na kwenye pasi. Utaikuta pia kiwanjani. Katika tenisi, mpira wa kuanzia ukigusa wavu kisha ukaangukia mahali pake, mwamuzi hutamka "let" na mpira unarudiwa, maana umezuiwa njiani.

Kwa hiyo mjukuu anaombewa apite bila kucheleweshwa wala kuzuiwa. Kama maofisa wa mipakani huwa wanalisoma ombi hilo, hilo ni jambo jingine.

Barua hii imenirudisha kwenye kazi yangu ya kwanza redioni, iliyokuwa kutafsiri habari za mashirika ya nje. Tulikuwa vijana watatu kwenye chumba kimoja, na taarifa ya saa saba haimngojei mtu. Ikija "obstacle", tunaandika kikwazo. Ikija "hindrance", kikwazo. "Impediment", kikwazo. "Barrier", kikwazo, au kizuizi ikiwa mhariri amechoka na kikwazo. Na zikija "sanctions" au "embargo", basi ni vikwazo, kwa wingi. Siku moja mhariri wetu, mzee mmoja mwenye kalamu nyekundu isiyokauka, alihesabu vikwazo kumi na moja katika taarifa ya dakika kumi, akauliza kama tunatangaza habari au tunatangaza barabara mbovu.

Tulicheka, tukaendelea. Lakini yule mzee alikuwa amegusa kitu ambacho sikukielewa mpaka miaka mingi baadaye.

Kikwazo chetu kimetokana na kukwaa. Ni jiwe au kisiki kinachokuumiza kidole cha mguu, na ndiyo maana wahenga wakasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Angalia lakini jambo moja. Jiwe la njiani halina mwenyewe. Hakuna aliyeliweka. Umepita, umejikwaa, pole, endelea na safari. "Obstacle" ya Kiingereza, iliyotoka Kilatini, iko hivyo hivyo: ni kitu kilichosimama mbele yako, na neno halisemi nani kakisimamisha. "Snag" nayo ni ya ukoo huo. Ni kisiki, na kwa mabaharia wa meli za mvuke katika mto Mississippi kule Marekani kilikuwa kisiki cha kuogopwa, mti mzima uliozama, shina limenasa kwenye matope na ncha imejificha chini ya maji ikingoja kutoboa meli. Nahodha Henry Shreve alitengeneza meli maalumu ya kung'oa visiki hivyo, na kuanzia mwaka 1833 akatumia miaka kadhaa kufungua mto Red River uliokuwa umezibwa na magogo kwa maili nyingi. Mji wa Shreveport umepewa jina lake. Leo karani ofisini akisema kuna "snag" kidogo kwenye faili lako, humwoni Shreve wala mto, ingawa faili limezama kweli.

Maneno mengine ya Kiingereza ya kuzuia yana wenyewe. Ukiyafuata hadi nyumbani kwao unakuta watu, tarehe na ugomvi.

Chukua "impediment". Ndani yake mna neno la Kilatini la mguu, na kitenzi chake maana yake ni kufunga miguu. Hiyo ni pingu, na sisi tunayo pingu, tunayo pinga, tunayo na pingamizi, ambalo ndilo neno linalotumika kanisani padri anapotangaza ndoa na kuuliza kama yupo mwenye sababu ya kuizuia. Kwa askari wa Kirumi neno hilohilo kwa wingi, "impedimenta", lilikuwa jina la mizigo ya jeshi: mahema, vyakula, magari na nyumbu wa kuyavuta. Jeshi bila mizigo haliishi, na jeshi lenye mizigo haliendi. Kila aliyewahi kuhama nyumba Dar es Salaam anawaelewa Warumi.

"Barricade" ni pipa. Mnamo tarehe 12 Mei 1588 wakazi wa Paris, waliokuwa wamemchoka mfalme wao Henri III na kukasirishwa na askari aliowaingiza mjini, waliyatoa mapipa, kwa Kifaransa "barrique", wakayajaza udongo na mawe, wakayapanga kukata mitaa. Askari wakajikuta wamefungiwa vichochoroni kama kuku. Kesho yake mfalme akakimbia mji. Baadaye maasi mengi ya Paris yalitumia mbinu hiyo ya kuziba mtaa, mpaka karne ya kumi na tisa Napoleon wa Tatu alipomkabidhi Haussmann kazi ya kubomoa vichochoro na kupitisha barabara pana. Wapo waliosema wakati huohuo kwamba moja ya faida zake ni kuwa barabara pana haizibiki kwa mapipa. Pipa la mvinyo likabadilisha ramani ya jiji.

Nipite haraka kwenye "filibuster", maana haraka ndiyo isiyopendwa na neno hilo. Waholanzi walikuwa na neno la mtu anayejitafutia nyara kwa hiari yake. Likapita kwa Wafaransa na Wahispania likawa jina la maharamia wa bahari ya Karibi. Katikati ya karne ya kumi na tisa wakaitwa hivyo Wamarekani waliovamia nchi za watu na vijijeshi vyao binafsi, kama William Walker aliyejifanya rais wa Nicaragua mwaka 1856 na kupigwa risasi Honduras mwaka 1860. Kisha jina likahamia katika Baraza la Seneti la Marekani, kwa mjumbe anayeteka muda wa kikao kwa kusema bila kunyamaza ili muswada usipigiwe kura. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond alisimama akasema kwa saa 24 na dakika 18 kuupinga muswada wa haki za kupiga kura kwa watu weusi. Muswada ulipita. Lakini neno halikukosea: huyo alikuwa mtekaji, na alijulikana kwa jina.

Sasa tufike Ireland, kwa sababu huko kuna neno ambalo ni mtu mwenyewe, kofia na viatu.

Kapteni Charles Boycott alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa Norfolk, aliyeacha jeshi akawa msimamizi wa mashamba ya bwana mkubwa mmoja, Lord Erne, katika jimbo la Mayo magharibi ya Ireland. Waliolima ardhi hiyo walikuwa Waayalandi wapangaji. Mavuno yalikuwa mabaya miaka ile, na mwaka 1880 wapangaji wakaomba kodi ipunguzwe kwa asilimia 25. Mwenye ardhi akakubali asilimia 10. Kazi ya kukusanya iliyobaki, na ya kuwafukuza wasiolipa, ilikuwa ya Boycott.

Mwezi Septemba mwaka huo kiongozi wa Waayalandi, Charles Stewart Parnell, alihutubia mkutano katika mji wa Ennis. Wasikilizaji wake walikuwa na jibu lao la zamani kwa mtu anayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa, nalo lilikuwa risasi. Parnell akawaambia kuna njia bora zaidi: mtu huyo atengwe, asisemeshwe njiani, asiuziwe dukani, aachwe peke yake kama mwenye ukoma. Siku chache baadaye hati za kufukuza watu zilianza kupelekwa katika mashamba ya Boycott, na watu wa Mayo wakaijaribu dawa ile. Wafanyakazi wakaacha kazi. Dobi hakufua nguo zake. Mhunzi hakupiga kwato za farasi wake. Wenye maduka wakafunga mikono. Hakuna aliyetaka kumjua.

Viazi na mazao mengine yakawa yanangoja shambani. Boycott akaandika barua kwa gazeti la The Times la London kulalamika, na kisa cha kijijini kikawa kisa cha dola zima. Wakaletwa wavunaji wapatao 50 kutoka kaskazini, na nyuma yao askari na polisi karibu elfu moja wa kuwalinda. Hesabu iliyotajwa wakati ule ni kwamba serikali ilitumia kiasi cha pauni elfu kumi kuvuna mazao ya pauni mia tano. Mvua ikanyesha juu ya mahema ya askari. Kazi ilipokwisha, mwanzoni mwa Desemba 1880, Boycott na familia yake waliondoka Ireland, na alifariki mwaka 1897 jina lake likiwa tayari limo katika lugha nyingi za Ulaya.

Namna jina hilo lilivyogeuka kitenzi imesimuliwa na mwandishi wa habari, na hapo nakiri najivunia ufundi wetu. James Redpath, Mmarekani, alikuwa mezani na padri wa huko, Father John O'Malley. Redpath alitafuta neno la kuita kitendo kile cha kumtenga mtu. Lilikuwepo "ostracise", la Kigiriki, lakini padri alisema wakulima wake hawatalielewa. Akafikiri kidogo, akapendekeza liitwe tu "to boycott". Ndiyo hivyo. Padri wa kijiji alitaka neno ambalo mkulima angelielewa siku hiyohiyo.

Kiswahili hakikuhitaji kumkopa kapteni. Tulikuwa na kususa, ambalo ni la mtoto aliyekasirika akasukuma sahani ya chakula, na tukalikuza likawa kususia. Nalo lina siasa zake. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kikiwa kimegawanyika kabisa juu ya uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimu kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie, na hoja yake ilikuwa kwamba tukisusa sisi, wenzetu watakula. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake. TANU ikaingia ikashinda, na mkutano ule ukabaki katika historia kama Uamuzi wa Busara. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 1959, Nyerere huyohuyo alikuwa jijini London, kwenye mkutano ulioanzisha harakati za kuwataka Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Tabora hapana, London ndiyo. Wenye haraka waliona anajipinga. Mimi naona alijua kwamba kususia kuna mwenyewe, na swali la kwanza ni nani ataumia, mwenye kususa au mwenye kususiwa.

Na hapo nafika kwenye neno lililonifanya niandike yote haya. "Embargo" ni la Kihispania, kutoka kitenzi cha kukamata na kuzuia mali kwa amri. Lilihusu meli bandarini. Mwezi Mei 1585 Mfalme Philip wa Pili aliamuru meli za Waingereza zilizokuwa katika bandari zake zikamatwe na shehena zao, na miaka mitatu baadaye mataifa hayo mawili yakapigana baharini. Waingereza walilijifunza neno wakiwa upande wa kukamatwa. Wamarekani nao mwaka 1807 walipitisha sheria iliyozuia meli zao wenyewe kwenda ng'ambo, wakidhani watawaumiza Waingereza na Wafaransa. Walioumia kwanza walikuwa mabaharia na wafanyabiashara wa bandari zao, nao wakaligeuza neno kinyumenyume likasomeka "O grab me", yaani nikamate basi. Sheria ikafutwa mwaka 1809.

Mimi nililijua neno hilo kabla sijajua Kiingereza cha kutosha. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Kigoma. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka Burundi, na tarehe 31 mwezi huohuo viongozi wa nchi jirani wakakutana Arusha. Redio ikatangaza: vikwazo vya kiuchumi vimewekwa dhidi ya Burundi. Vimewekwa. Nakumbuka mjomba wangu alikuwa anakunywa chai ya rangi barazani. Alikuwa mchuuzi wa chumvi ya Uvinza, ananunua kwa magunia na kuipakia boti za kwenda Bujumbura. Hakuwa mtu wa siasa. Akaniuliza, "Wewe msomi, vimewekwa na nani?" Nikamwambia redio haikusema vizuri. Kumbe ilikuwa imesema, katikati ya sentensi ndefu ya majina ya nchi, lakini yeye alishika lile neno la mwisho, na neno lile lilikuwa la jiwe la njiani.

Wiki za kwanza alingoja, kama mtu anavyongoja jiwe liondolewe. Magunia yakakaa stoo. Chumvi huvuta unyevunyevu wa ziwani, na ikikaa sana hushikana ikawa ngumu, mpaka inabidi uivunje kwa nyundo. Alivunja akauza kidogokidogo mtaani kwa bei ya hasara. Wengine hawakungoja. Usiku boti zilikuwa zinaondoka, na petroli iliyofika ng'ambo kwa njia hiyo iliuzwa kwa bei ya dawa. Kule Burundi, maskini walilipa bei hizo. Mwaka 1997 vikwazo vililegezwa kwa baadhi ya mahitaji, na Januari 1999 vikasimamishwa. Wapo wanaosema vilisaidia kuwakalisha mezani Warundi mpaka ukapatikana mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Wapo wanaosema viliwaumiza wanyonge na kuwatajirisha wenye magendo. Mimi nadhani wote wamesema kweli, na ndiyo maana nakasirishwa na neno letu. Uamuzi mzito namna ile, uliokuwa na waliouamua, sababu zao na hesabu zao, tuliutangaza kama kisiki kilichoota chenyewe kati ya Kigoma na Bujumbura.

Siku hizi mimi ndiye mwenye kalamu nyekundu. Kijana akiniletea "vikwazo vimewekwa", namrudishia, namwambia aanze na aliyeweka: nchi fulani na fulani zimekataza mafuta yasiingie, benki za nchi fulani zimezuia fedha. Wananinung'unikia kwamba sentensi inakuwa ndefu na muda ni mfupi, na mara nyingine, taarifa ya saa saba ikiwa imebakiza dakika mbili, naipitisha tu.

Mjomba hakuirudia chumvi. Vikwazo viliposimamishwa alikuwa amekwisha kuingia kwenye biashara ya dagaa, akawa anauza Tabora na Mwanza, upande ambao hauna mpaka wa kuvuka. Lakini stoo ile ile aliendelea kuitumia, na mlangoni palibaki pande la chumvi lililoshindikana kuvunjika, kubwa kama tofali, ambalo kila aliyeingia usiku alilikwaa. Tulimwambia mara nyingi alitupe. Akasema liache hapo, angalau hilo anajua nani kaliweka.